Mpangaji wa Kichuguu

Oktoba 8

Mvua imekuja kutishia tu. Imelowesha vumbi, ikaenda zake Kibondo. Nimeamua kuandika kwa sababu Gasper, mume wangu, ameondoka na redio kwenda nayo shambani, na mtu akikaa kutwa bila redio lazima aongee na kitu.

Oktoba 12

Leo imenyesha kweli. Ilipokatika nikaenda kuangalia kichuguu kilicho nyuma ya nyumba, nikakuta maji yamemtoa Mpangaji.

Nieleze, asije mtu akasoma hapa akadhani nimepangisha chumba. Mpangaji ni nyoka. Urefu wake kama kamba ya buti la mgambo, unene wa kalamu, rangi ya kahawia, anang'aa utadhani kapakwa mafuta. Macho hana. Pale yalipotakiwa kuwa kuna vidoa viwili vyeusi chini ya ngozi, basi. Mkia na kichwa vinafanana, ndiyo maana kijiji chetu chote cha Heru Juu wanamwita nyoka wa vichwa viwili, na wanasema ukimkata huku anakung'ata kwa kule. Hang'ati. Mdomo wake hata punje ya ulezi ingeupa shida. Anakula mayai ya mchwa na watoto wa mchwa, akishiba anarudi chini. Nimekuwa nikimwangalia tangu nilipoolewa hapa, yeye au baba yake au mwanawe, sijui. Hawajawahi kujitambulisha.

Nimemsukumia kwenye ungo kwa kijiti, nikamrudisha kichuguuni. Nilipogeuka nikamwona Gasper amesimama juu ya kiti. Mwanaume huyu aliwahi kufukuza nguruwe mwitu shambani akiwa na panga butu.

"Ameenda?"

"Ameenda."

"Vichwa vyote?"

Oktoba 13

Tumepanda maharage upande wa bondeni. Mgongo.

Oktoba 19

Obedi ana haraka. Ni mwanangu wa mwisho, seremala, milango yake inafunga kimya mpaka unajiuliza kama umeifunga. Amejenga nyumba yake hatua chache kutoka kwetu, kichuguu kipo katikati. Kuta zimesimama, bati lipo, madirisha yapo. Sakafu haipo.

Wakwe wanakuja mwezi ujao. Binti anaitwa Claudine, anashona nguo Kasulu mjini. Wazazi wake wako Kibondo, watu waliotoka Burundi na sasa ni raia kama sisi. Utaratibu unajulikana: kabla majina hayajasomwa kanisani, wazazi wa binti waje waone mahali mtoto wao atakapolala. Watu husema wanakuja kuona nyumba. Wanakuja kuona sakafu. Juu ya ukuta halali mtu.

Saruji itasubiri. Obedi anataka sakafu ya udongo wa kichuguu, kama ya bibi zake, na sakafu hiyo ikifanywa vizuri inakuwa ngumu kama sahani. Lakini ni kazi ya kiangazi. Udongo unachimbwa mkavu, unapondwa mpaka unga, unachekechwa, ndipo unaloweshwa na kushindiliwa, halafu unasiribwa kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu. Ukishindilia mabonge mabichi ya kichuguu kilicho hai, umehamisha mji mzima wa mchwa ukauweka chini ya kitanda.

Nimemwambia asubiri. Anasema bati lipo, mvua haiingii.

"Basi usichimbe upande wa mashariki. Kule bado wapo. Na uponde."

"Mama, mimi ni fundi."

"Wa mbao."

Oktoba 20

Amechimba upande wa mashariki.

Oktoba 22

Na hakuponda. Anasema mabonge yatajiponda yenyewe yakishindiliwa. Sura ya sakafu ni nzuri, sitaki kumwonea. Ila nimegonga kwa kisigino, sehemu nyingine inajibu, sehemu nyingine imenyamaza.

Oktoba 28

Siku ya kumbikumbi. Asubuhi mvua, mchana jua, hewa imetulia. Gasper amekuwa kijana. Ametandika majani ya migomba juu ya kichuguu, ameacha tundu moja la mwanga, sufuria chini yake, kisha akakaa anagonga vijiti viwili, taratibu, kama matone. Kumbikumbi wakisikia hivyo hudhani mvua imeshawadia, wanatoka.

Akagonga. Akabadilisha mkono. Akagonga tena mpaka akaanza kuongea nao kwa Kiha, kwa heshima kabisa, kama anavyoongea na karani.

Kumbikumbi wakatoka. Nyumbani kwa Obedi.

Walitoboa sakafu mpya pembeni mwa chumba cha kulala, wakajaa dirishani, Obedi akatoka mbio huku mabawa yamemganda kichwani. "Mama! Nyumba imebarikiwa! Mboga inatoka ndani!"

Nimewakaanga na chumvi kidogo. Watamu kweli. Lakini nilikuwa natafuna huku nawaza: kama mchwa wamehamia kwa Obedi, yule anayewala atabaki kichuguuni kufanya nini?

Oktoba 29

Nimemwambia Obedi wazo langu. Amesema nimezidi kukaa na wadudu.

Novemba 3

Claudine amekuja kutusalimia. Amevaa viatu vyeupe kuja Heru Juu mwezi wa kumi na moja. Msichana mwenye imani.

Ana adabu, kapiga magoti kidogo kusalimia, kamsaidia Gasper kuchambua mbegu. Lakini anatembea kama ardhi ina moto, na kila anapoingia mahali anaangalia chini kwanza, pembe zote, ndipo anaangalia watu. Nimemwambia Gasper kwamba huyu hatashika jembe. Gasper akasema, "Wewe ulipokuja hapa ulikuwa unaogopa bata."

Yule bata alikuwa mkorofi. Hilo nalo liandikwe.

Novemba 9

Mvua. Palizi.

Novemba 10

Mvua. Palizi. Obedi amesiriba sakafu mara ya pili kuziba matundu ya kumbikumbi.

Novemba 16

Nimeoga mara nyingi leo na bado nanuka. Niandike yote.

Wakwe walifika kwa basi la asubuhi, Claudine akiwa nao. Baba Claudine, Nkunzimana, ni mrefu, ana koti la suti na maneno machache. Anauza maharage Kibondo. Mama Claudine ni mfupi, ana mwavuli anaoutumia kama fimbo. Alinisalimia kwa Kirundi, nikamjibu kwa Kiha, tukaelewana kama ndugu waliogombana zamani. Tulikula vizuri: ugali wa muhogo, maharage, samaki wa migebuka kutoka Kigoma. Gasper alichekesha watu. Nkunzimana alicheka mara moja, lakini alicheka.

Kisha tukaenda kuona nyumba. Mama Claudine alifungua dirisha, akalifunga. "Mbao nzuri," akasema. Obedi akapanda kidogo, nadhani hata kimo kiliongezeka. Mama Claudine akaingia chumba cha kulala peke yake. 

Mwavuli ukapiga chini. "Nyoka! Nyoka wewe!"

Nkunzimana akaingia mbio. Gasper akatoka mbio. Walipishana mlangoni bila kuombana radhi.

Kwenye pembe, pale kumbikumbi walipotobolea, udongo ulikuwa umepasuka, na Mpangaji alikuwa ametoa nusu ya mwili, anapapasa hewa kwa ile pua yake butu. Mchwa walikuwa wamemzunguka. Hakuwa na habari na sisi.

"Vichwa viwili! Claudine, rudi nyuma!"

"Mkwe mwenzangu, tulia," nikasema. "Huyu ni kipofu. Hana sumu. Anakula mayai ya mchwa tu. Ni mpangaji wetu wa siku nyingi."

"Wa nini?"

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini niliona uso wa Obedi unavyoporomoka, nikataka jambo liishe upesi. Nikainama nikamwokota Mpangaji kwa mkono.

Nilikuwa sijawahi kumshika. Miaka yote ni kijiti na ungo. Najua anakula nini, najua anatoka lini, najua vidoa vyake viwili. Sikujua kwamba mkiani ana kijimwiba, na kwamba ukimshika anakikandamiza kwenye kiganja chako akitafuta pa kujishikilia. Hakiumi. Ila mtu aliyeambiwa maisha yake yote kwamba mkia ule ni kichwa cha pili, hata kama haamini, mkono wake unaamini.

Nilipiga ukelele ambao sikujua kama ninao. Nikamrusha. Akaangukia karibu na miguu ya Mama Claudine, na mimi nikabaki na mkono umelowa kitu chenye harufu ambayo siwezi kuiandika nikiwa sijala.

Hakuna aliyemuua, nashukuru. Alirudi kwenye ufa wake mwenyewe. Mama Claudine alitoka nje, akasimama uwanjani, mwavuli umefungwa na mvua inamnyeshea.

"Oya," akasema, yaani hapana kwa Kirundi. "Mwanangu halali humu."

Nkunzimana akatoka, akasimama kando yake. 

"Na mtu anayeshika nyoka kwa mkono mtupu mbele ya wageni," akaendelea, hanitazami mimi, anaitazama migomba, "sijui anashika nini wageni wakishaondoka."

Wakaondoka. Claudine aliondoka nao, viatu mkononi.

Novemba 17

Obedi hasemi na mimi. Anapiga randa tu. Anapunguza ubao ambao ulikuwa hauna kosa.

Novemba 19

Katekista Evaristi amepita, eti anaulizia maharage yanaendeleaje. Akazunguka, akazunguka, akafika.

"Mama Obedi, watu wanauliza kama unafuga."

"Nafuga. Kuku."

"Kuku wana kichwa kimoja."

"Katekista, wewe umesoma. Unaamini kuna nyoka mwenye vichwa viwili?"

Akafikiri. "Siamini. Lakini mwaka jana niliona mmoja."

Akasema majina hatayasoma kanisani mpaka wazazi wa binti watume neno. Hawezi kusoma jina la mtu ambaye mama yake amesema hapana. Nimemwelewa. Nimempa parachichi.

Novemba 22

Harufu imeisha. Obedi bado.

Novemba 26

Claudine amekuja peke yake, kwa bodaboda, hajamwambia mtu. Obedi alikuwa amekwenda Kasulu kutafuta misumari, na nadhani msichana alijua hivyo. Alikuja kwangu.

Alikaa jikoni, akachukua kisu, akaanza kumenya viazi bila kuombwa. Nikamwacha. Nimejifunza kwamba mwenye neno zito ukimwangalia usoni analimeza.

"Mama, wewe unadhani mama yangu ana dharau."

"Sijasema."

"Uso wako umesema."

Basi akanisimulia. Mama yake alivushwa mpaka wa Burundi akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alikulia kambini, chini ya turubai. Mvua ikinyesha, kazi yake ilikuwa kushika mti wa katikati usianguke, wadogo zake wamelala chini pembeni. Mdogo wake wa kumfuata aliumwa na nyoka usingizini. Si nyoka wa aina hii. Nyoka mwenyewe hasa. Hakuiona jioni.

"Tukiwa wadogo, kila nyumba tuliyohamia, mama alilala yeye kwanza. Peke yake. Akiamka salama ndipo sisi tunaingia. Hata nyumba tuliyo nayo sasa, ya saruji, alilala yeye kwanza." Akakwangua kiazi mpaka kikabaki kidogo. "Mimi namtaka Obedi. Lakini siwezi kulala mahali mama yangu hajapitisha. Nitakuwa macho, nikimsikia yeye Kibondo naye yuko macho."

Nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe, unamwogopa?"

"Sana. Lakini mimi ningezoea."

Nilikuwa na maelezo mengi juu ya Mpangaji, yamejipanga mdomoni kama abiria. Sikuyatoa hata moja. Niliona tu mkono wangu ukimrusha yule nyoka, na mahali alipoangukia.

Alipokuwa anaondoka nikatazama viatu vyake. Vile vile vyeupe. Vimeoshwa.

Novemba 27

Nimemsimulia Gasper yote. Amesikiliza mpaka mwisho. Ameenda kuangalia mbuzi, na mbuzi hatuna tena.

Desemba 1

Gasper ameamka mapema, amevaa shati la kanisani, amemwamsha Obedi, wameondoka wote. Nimeuliza wanaenda wapi. "Tunakuja," akasema. Hilo si jibu, hiyo ni habari ya baadaye.

Desemba 2

Walikwenda Kibondo. Wamerudi leo mchana. Gasper ameingia, amekula, amelala. Habari nimezipata kwa Obedi, na ndiyo mara ya kwanza anaongea na mimi zaidi ya "chumvi iko wapi".

Anasema baba yake alikaa, akapewa chai, akanywa yote. Kisha akamwambia Mama Claudine, "Mkwe, mimi yule nyoka namwogopa."

Mama Claudine akaweka kikombe chake chini.

"Namwogopa tangu nioe. Mke wangu ananiambia hana la kunifanya. Mke wangu namwamini, sijawahi kumkuta na uongo kwenye mambo ya wadudu. Na bado nikimwona napanda kwenye kiti. Sasa sikuja kukwambia usiogope, mimi sina mdomo huo. Nimekuja kukuuliza: mtu anayeogopa afanyiwe nini ndipo apate usingizi? Maana mimi sijawahi kuulizwa."

Obedi anasema Mama Claudine alimmiminia baba yake chai nyingine.

"Unapanda kwenye kiti kweli?" Mama Claudine akauliza.

"Meza, kiti kisipokuwepo."

Anasema Mama Claudine alijaribu kujizuia, akashindwa, akacheka mpaka akajifuta macho na khanga, na Nkunzimana akacheka kwa sababu mkewe kacheka. Alipomaliza kucheka akawa mkali vilevile. Akatoa masharti. Sakafu ing'olewe yote, mpaka udongo wa asili. Udongo mpya upondwe. Atakuja yeye mwenyewe na ndugu zake wanawake kuushindilia, maana haamini mkono wa mtu. Ikikauka, atakuja kulala yeye kwanza. Akiamka, atasema neno lake, na neno hilo halitajadiliwa.

Nimekaa na Gasper barazani jioni. Nikamwambia, "Kumbe unajua kuongea."

"Najua kuogopa," akasema. "Kuongea kumefuata tu."

Miaka yote nimemcheka mtu huyu. Nimepika chai ya tangawizi, nikamwekea sukari anayoipenda, ile ya kupita kiasi.

Desemba 4

Obedi anang'oa sakafu. Katika mabonge tumekuta vyumba vya mchwa vizima, vingine vimeshakufa. Mpangaji tumemkuta chini ya pembe ileile, amejikunja. Nimemchukua kwa sepetu pamoja na udongo wake. Sikumgusa. Nimemweka kichuguuni upande wa mashariki, nikamfunika. Obedi akashika sepetu pamoja nami mpaka kule. 

Desemba 5

Udongo tumeuchukua kwenye kichuguu cha zamani kule kwa jirani yetu Pasikali, kilichokufa siku nyingi. Tunaukausha ndani, juu ya maturubai, kwa moto.

Desemba 9

Wanawake wa Kibondo wamekuja kwenye kibasi kidogo, na khanga zimefungwa kiunoni tayari kwa kazi. Wetu wa Heru Juu walikuwa wanawasubiri na mitwangio. Mwanzo walitazamana. Mmoja wao akaanza wimbo wa kushindilia kwa Kirundi, wa kwetu wakaudaka kwa Kiha katikati, na hakuna aliyejua nani kakosea. Kazi ikaenda.

Mama Claudine alipita na vidole vyake kwenye kila bonge. Linalovunjika analipitisha. Lisilovunjika analirudisha kwa Obedi aliponde tena. Fundi wa mbao aliponda mpaka viganja vikachubuka, na hakusema yeye ni fundi.

Mimi nilipewa chekeche.

"Mkwe mwenzangu, wewe kaa hapo. Chekecha. Usiokote kitu."

"Hata kokoto?"

"Hata kokoto."

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, na nikaona kwamba yeye hakucheka ila mdomo wake ulikuwa unahangaika. Baadaye, wengine walipokuwa wanakula, alikuja akakaa karibu nami kwenye gogo. Akaniuliza, taratibu, bila kunitazama, kama yule kiumbe kweli haoni.

"Haoni."

"Anajuaje anakokwenda?"

"Nadhani ananusa njia ya mchwa. Sina hakika. Vingi sivijui. Mwiba wa mkiani nilikuwa siujui."

"Niliona," akasema.

Kisha akasema jambo kuhusu mdogo wake, jina lake tu, na kwamba alikuwa anapenda miwa. Sitaandika jina. Ni la kwake.

Desemba 12

Sakafu inakauka. Gasper anaikagua kila asubuhi akiwa mlangoni.

Desemba 15

Tumesiriba. Nimegonga kwa kisigino, pembe zote. Inajibu kila mahali.

Desemba 19

Wamekuja asubuhi, wote watatu. Mvua ilinyesha kubwa, ya radi, ikakatika kabla ya saa sita, jua likatoka linachoma. Nikamtazama Gasper, Gasper akanitazama. Wote wawili tunajua hali ya hewa ya namna hii humtoa nani.

Mama Claudine hakutaka chai. Alitandika mkeka chumbani, akaweka mwavuli pembeni, akatuambia tutoke. "Mlango uwe wazi," akasema. "Na mtu akae mlangoni."

"Nani?" akauliza Obedi.

"Baba yako."

Gasper akakaa kwenye kizingiti cha mlango wa nje, mgongo ukutani, anatazama ndani hadi chumbani. Sisi wengine tukakaa uwanjani. Nkunzimana alivua koti. Claudine na Obedi walikaa mbalimbali, kama watu wanaosubiri matokeo ya mtihani.  Baada ya muda tukasikia kukoroma, kwanza kidogo, halafu kwa moyo wote. Claudine akaziba mdomo. "Halali hivyo hata nyumbani," akanong'ona.

Hapo ndipo nilipomwona.

Alikuwa anakuja kwenye mfereji wa maji ya bati, ule unaopita mbele ya kizingiti. Maji yalikuwa yamepungua, na yeye alikuwa anateleza taratibu kwenye tope, aking'aa, pua chini, na njia yake inapita karibu kabisa na miguu ya mume wangu.

Gasper alimwona. Najua kwa sababu shingo yake ilikaza. Mikono ikashika magoti. Nikasimama, nikachukua kifuniko cha sufuria kilichokuwa juani, nikaanza kwenda polepole, maana nikikimbia watu watauliza, na mtu akiuliza kwa sauti Mama Claudine ataamka. Nilikuwa naona jasho linamtoka Gasper kwenye paji. Nikasubiri ainuke. Ningemsamehe kabisa.

Hakuinuka. Alisogeza unyayo mmoja, upana wa kidole, akampa nafasi ya kupita. Ndani kukoroma kunaendelea. Mpangaji akapita. Nikamkinga kwa kifuniko mbele kidogo, akapanda mwenyewe, nikampeleka kichuguuni kwa mwendo wa mtu anayepeleka maji kwa mgonjwa. Niliporudi Gasper alikuwa bado amekaa, midomo imekauka. Obedi na Claudine walikuwa wameona yote. Nkunzimana pia.

Nilikuwa nimeshaandaa uongo mzuri wa mjusi. Hata rangi ya mjusi nilikuwa nayo.

Kukoroma kukakatika. Mkeka ukalia. Mama Claudine akaonekana amekaa, khanga begani, macho ya usingizi mzito.

"Mbona mmenyamaza hivyo? Kuna kitu kimepita?"

Nikafungua mdomo. Gasper akaniwahi.

"Kimepita, mkwe," akasema. "Huku nje, mferejini. Yule yule. Mama Obedi kampeleka kwake."

Nilimwona Obedi akifumba macho. Claudine akashika ukingo wa gauni lake.

Mama Claudine alimtazama Gasper. "Alipita wapi?"

"Hapa." Akaonyesha kwa kidole. "Nilisogeza mguu."

"Ukabaki umekaa?"

"Nilibaki. Ulisema mtu akae mlangoni."

 Mama Claudine akaitazama sakafu, akaipapasa kwa kiganja pembeni mwa mkeka, polepole, kama anavyopapaswa mtoto aliyelala.

"Mwambieni katekista asome majina," akasema. "Na mkishapika, mniamshe."

Akajilaza, akajifunika khanga usoni, akalala tena.